Rangi ya kuhimili joto haizuii joto

Rangi ya kuhimili joto ni rangi isiyoungua inapokaa juu ya chuma cha moto: bomba la moshi, manifodi (ile sehemu inayopokea moshi moja kwa moja kutoka kwenye injini), sailensa, hata jiko la kuni. Rangi ya mafuta ya kawaida ikiwekwa hapo hugeuka rangi, huvimba malengelenge na kubanduka mapema tu. Hii hudumu kwa sababu gundi inayoshika unga wake ni ya silikoni. Makopo mengi yaliyopo madukani yameandikwa nyuzi 600 hivi za sentigredi. Maana yake inaishia hapo.

Ila hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa mpaka Uyole, utasikia inauzwa kwa sifa nyingine kabisa. "Paka hii kaka, joto halipiti tena." Mwenye Noah anaahidiwa kwamba sakafu haitachemka chini ya miguu ya abiria. Kijana wa bodaboda anaambiwa mteja wake hataungua mguu. Mwenye Fuso naye anahakikishiwa kuwa injini itapumua akipanda mlima Kitonga na mzigo. Wote watatu wamenunua rangi nzuri kwa kazi isiyoiweza, na inauma, kwa sababu yule wa bodaboda atamwambia abiria wake asiogope bomba.

Rangi ikishakauka unene wake ni kama 0.05 ya milimita. Joto linapenya hapo kana kwamba hakuna kitu. Tena nyeusi isiyong'aa, ambayo ndiyo wengi wanaipenda, hutoa joto kwenda nje kwa wepesi kuliko chuma kinachong'aa. Bomba lenyewe linaweza kupoa kidogo, lakini kama lilikuwa linang'aa, sakafu iliyo juu yake inapigwa na mnururisho, yaani joto linaloruka hewani bila kugusana, mkubwa zaidi ya ulivyokuwa kabla ya kupaka. Hapo mwenye Noah aliyelalamika joto amelipa aongezewe.

Kazi ya kuzuia joto ina vitu vyake. Kuna kauri ya zirkonia inayorushwa juu ya chuma kwa mtambo maalumu. Hiyo haikai kwenye kopo la kupuliza. Kuna bandeji ya nyuzi za glasi inayofungwa kuzunguka bomba. Inafanya kazi kweli, ila ikilowa hukaa na maji na chuma kinaoza chini yake, jambo la kufikiria sana kwa gari la Tukuyu ambako mvua haina msimu wa kupumzika. Na kuna bati la kukinga, lile jembamba lililofungwa likiacha nafasi ya hewa kati yake na bomba. Hili ndilo la maana kuliko yote kwa gari la kawaida, na magari mengi hutoka nalo kiwandani. Skrubu zake zikila kutu linaanza kugonga, fundi analing'oa kelele ziishe, linatupwa nyuma ya gereji. Mwaka mmoja baadaye mwenye gari anatafuta rangi ya kuzuia joto.

Rangi yenyewe uichague kwa kuangalia inakwenda sehemu gani. Manifodi ya injini ya petroli ikifanya kazi nzito inaweza kupita nyuzi 700, kwa hiyo kopo la 600 halitoshi pale. Sailensa ya nyuma, iliyo mbali na injini, haifiki hata nusu ya hapo, na kopo hilo hilo linaitosha kabisa. Chuma kisuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka king'ae. Usitangulize praima ya kawaida, ile rangi ya kwanza ya chini, wala puti, vinaungua na kuondoka na rangi iliyo juu. Praima ya zinki nayo hapana, zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419. Puliza tabaka jembamba, kisha uliivishe kwa moto: washa injini dakika chache, zima, acha ipoe, washa tena kwa muda mrefu zaidi. Itafuka moshi na kunuka. Usikimbilie kitambaa, hapo ndipo inaiva. Kabla ya kuiva ukucha unaikwangua na petroli inaifuta.

Na kazi yake hasa ni kuzuia kutu ya nje. Kutu ya ndani haiigusi. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji karibu lita moja, na asubuhi za Juni na Julai hapa Mbeya, gari la safari fupi, linalotoka mtaa wa Soweto kwenda Kabwe tu, halipati muda wa kuyakausha. Yanalala ndani ya sailensa na kuitoboa kutokea ndani, rangi ya nje ikiwa bado nzima.

Kwa hiyo kaka wa bodaboda, rangi uliyonunua si mbaya, ipake ili bomba lisile kutu. Kwa mguu wa abiria, ulizia kava la bomba, na kama lako lilifunguliwa lirudishe.