“Ya kivita” si “ya vitani”

Kila inaposambazwa video ya Lancaster, ndege ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, ikipita juu ya umati kwenye maonyesho ya ndege Uingereza, maelezo yake huwa yaleyale: ndege ya kivita iliyodondosha mabomu Ujerumani, na bado inaruka. Nimeyasoma mara nyingi mno. Mwanzo wake ni sahihi, mwisho wake ni sahihi, katikati ndipo palipoharibika.

Ndege ya kivita ni ndege iliyoundwa kwa ajili ya mapigano. Kuna za kuwindana angani, za upelelezi, na za mabomu. Lancaster ni ya mabomu: injini nne, watu saba, tumbo refu la kubebea mzigo. Hiyo ndiyo maana yake.

Sasa tuitazame hiyo “ki”. Tunasema “ya kivita”, na kiambishi hicho kinataja namna ya kitu, hakisimulii kilikopita. Bwana harusi huvaa mavazi ya kifalme bila kuwa na ufalme. Mambo ya kitoto hufanywa na watu wazima kila siku. Aliyevaa kijeshi anaweza kuwa hajawahi kushika bunduki. “Vitani” ni neno jingine kabisa: ile “ni” ya mwisho ni ya mahali, na anayesema ndege imetoka vitani anadai kwamba ilikuwepo kule. Dai hilo linahitaji ushahidi. Lugha yetu imetupa maneno mawili kwa mambo mawili, na inaniuma tukiyachanganya.

Ziliundwa Lancaster 7,377. Zilizobaki na uwezo wa kuruka ni mbili tu, moja Coningsby, Uingereza, nyingine Hamilton, Kanada. Zote zilitoka kiwandani mwaka 1945, na hakuna hata moja iliyomdondoshea adui bomu.

Ile ya Uingereza, PA474, ilikusudiwa kwenda kupigana na Japani, lakini vita vikaisha kabla haijaanza kazi. Ikapewa kikosi namba 82, ikavuliwa vizimba vya bunduki, ikatumwa kupiga picha za ardhi kutoka angani. Wapi? Afrika Mashariki na Kusini. Ndege ambayo watu wetu wanaisimulia kwa habari za Ujerumani, kazi yake ya kweli ilikuwa huku kwetu, na ilikuwa ya kamera. Kwa nini hilo halisemwi, sijui. Kwangu ndilo la kwanza kusema.

Naelewa kosa linakotoka. PA474 hupakwa rangi na alama za Lancaster nyingine zilizopigana kweli, kwa heshima ya wale 55,573 wa kikosi cha mabomu cha Uingereza waliokufa katika vita hivyo. Anayeziona alama hizo hudhani ni historia ya ndege yenyewe, kumbe imebeba jina la mwenzake aliyepigana. Ukisema ndiyo iliyopigana, unamfuta yule mwenzake.

Kwa hiyo ukiisambaza tena video hiyo, acha “ndege ya kivita” kama ilivyo. Badilisha pale katikati tu: andika kwamba iliundwa mwaka 1945, na kwamba huruka kwa ajili ya zile ambazo hazikurudi.