Je, wajua kwa nini almasi hushindwa na chuma?

Almasi ndiyo madini magumu kuliko yote. Fundi wa vigae anaifunga kwenye grenda ikiwa diski, watafiti wa madini hutoboa mwamba kwa keekee zenye almasi, na pistoni za alumini za injini za magari hukerezwa kwa ncha zake. Lakini ingia karakana inayokereza chuma cha pua, na hapo almasi huikuti. Chuma cha kawaida ni laini kuliko chembe za kwatzi zilizo ndani ya graniti, na graniti almasi huikata vizuri. Kwa nini basi ishindwe na kilicho laini zaidi?

Jibu linalotolewa upesi ni kwamba almasi ni ngumu lakini huvunjika. Kuvunjika huvunjika kweli: ina pande ambazo ikigongwa kwa nyundo hupasuka bila taabu. Ila hilo halijibu swali. Graniti huipiga almasi mapigo mengi makali, na bado almasi hudumu. Kwenye chuma, makali yake hulika hata pasipo kupasuka. Tatizo ni kudhani kwamba ugumu huamua kila kitu, wakati ugumu unapima jambo moja tu: kipi kinakwaruza kipi. Hausemi lolote juu ya yanayotokea vitu viwili vinapokutana kwenye joto.

Na joto lipo. Pale ncha inapochimba chuma kwa kasi, nyuzi 700 za Selsiasi hufikiwa kwa urahisi. Almasi ni kaboni tupu, na chuma kina hamu kubwa ya kaboni. Chuma cha pua chenyewe ni chuma kilichokwisha kunywa kaboni kidogo. Fikiria bonge la sukari. Kwa meno ni gumu, lakini ndani ya chai ya moto linayeyuka, na chai haikuhitaji kuwa ngumu kulishinda. Chai ikiwa baridi, sukari huchelewa. Vivyo hivyo, chuma kikipata moto huzivuta atomi za kaboni kutoka kwenye almasi, na mguso wake huisaidia almasi kugeuka grafiti, ile kaboni laini ya kwenye penseli. Alumini na shaba hazina tabia hiyo, ndiyo maana almasi huzikata kwa amani.

Isieleweke kwamba almasi haigusi chuma kabisa. Tupa zenye vumbi la almasi hunoa visu vizuri, kwa kuwa mkono hauzalishi joto la kutosha. Diski inayokata zege hupita pia kwenye nondo, hasa ikimwagiwa maji, japo huchakaa haraka zaidi.

Kwa vyuma vilivyokomazwa, viwanda hutumia ncha za boroni na nitrojeni, mchanganyiko ambao Robert Wentorf wa kampuni ya General Electric aliutengeneza mwaka 1957 kwa mgandamizo mkubwa. Ugumu wake haufikii wa almasi, lakini hauna kaboni ya kunyonywa.

Linalonivutia zaidi ni kwamba hamu hiyohiyo ya chuma ndiyo inayozaa almasi za viwandani. Desemba 1954, katika maabara ya kampuni hiyo huko Schenectady, New York, Tracy Hall alipata almasi akiwa na mchanganyiko wenye chuma ndani ya mtambo wa mgandamizo. Leo viwanda hutumia chuma, nikeli au kobalti iliyoyeyuka, kwa nyuzi kama 1,400 na mgandamizo unaozidi wa hewa tunayovuta mara 50,000 hivi. Metali hiyo huyeyusha grafiti mpaka ishibe, kisha, kama shira nzito inavyoachia chembe za sukari, huiachia kaboni. Chini ya mgandamizo huo, kaboni hujipanga kuwa almasi. Nyingi hubaki na vipande vidogo vya metali ndani yake, na baadhi huvutwa na sumaku.