Carol Shaw na mto usiohifadhiwa popote

Kila Carol Shaw anapotajwa, huanza sifa ileile: mmoja wa wanawake wa mwanzo kabisa kuajiriwa kutengeneza gemu za video. Ni kweli, wala simpunguzii. Ila mimi nashinda nikiviandikia programu vifaa vyenye kumbukumbu finyu, mita na vidhibiti vya pampu, na kwangu huyu mama ni fundi kwanza. Kazi yake ya 1982, gemu ya River Raid, bado nairudia ninapoishiwa nafasi.

Alizaliwa 1955, Palo Alto, California. Akasomea uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hadi shahada ya pili, na 1978 akaingia Atari, kampuni ya gemu za video. Amesimulia mwenyewe kwamba Ray Kassar, bosi wa kampuni, alipomkuta maabara alifurahi kuwa sasa wamepata mwanamke wa kutengeneza katriji (visanduku vya kuchomeka vyenye gemu) za kulinganisha rangi za vipodozi na za mapambo ya nyumba. Wenzake wakamwambia asijali, afanye kazi yake.

Na kazi ilikuwepo. Atari 2600, mashine ya gemu ya kuunganisha na runinga, ilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya baiti 128, na baiti moja hubeba herufi moja. Si kilobaiti, baiti. Aya hii unayoisoma isingeenea humo. Baya zaidi, haikuwa na mahali pa kuweka picha nzima kabla ya kuipeleka kwenye runinga. Programu ilibidi ikimbizane na mwale unaochora picha ya runinga mstari kwa mstari, na kwa kila mstari prosesa ilipewa mizunguko (mapigo ya saa yake) 76 tu. Amri fupi kabisa hula mizunguko 2, kwa hiyo hata ukijibana vipi huvuki amri 38, kisha mstari unaofuata huo umefika. Sasa fikiria katika mazingira hayo unaandika mchezo wa drafti, kama alivyofanya Shaw katika Video Checkers ya 1980: prosesa inayochora ubao ndiyo hiyohiyo inayotakiwa kuwaza kete ipi isogezwe.

Akatoka Atari, akafanya kazi Tandem, kampuni ya kompyuta kubwa za mabenki na biashara, na 1982 akajiunga na Activision, kampuni ya gemu. Hapo ndipo ilipotoka River Raid: ndege ya kivita inapanda mto, inalipua meli, helikopta na madaraja, na inajaza mafuta njiani. Katriji nzima ni kilobaiti 4.

Uicheze uone: mto hauishi. Kingo zinapanuka na kubana, visiwa vinatokea, daraja baada ya daraja. Ramani yote hiyo imekaa wapi? Haipo. Mto unakokotolewa ndege inavyosonga.

Ujanja wake unaweza kuujaribu kwa kalamu. Andika biti 4, yaani tarakimu za 0 au 1: 1000. Tazama biti 2 za mwisho kulia. Zikifanana jibu ni 0, zikitofautiana jibu ni 1. Sogeza biti zote nafasi moja kulia, ya mwisho idondoke, kisha jibu lako uliingize kushoto. Utapata 0100, halafu 0010, 1001, 1100, 0110, 1011, na kuendelea. Utapita hali 15 tofauti ndipo urudi kwenye 1000. Ukitumia biti 16 na kuchagua vizuri biti za kulinganisha, hali zinafika 65,535, na gharama yake ni baiti 2 za RAM, kwani baiti moja ni biti 8. Namba hizo zinaonekana kama za bahati nasibu, lakini ukianza na namba ileile unapata mfuatano uleule. Ndiyo maana mto wa River Raid ni mmoja kwa kila mchezaji, na ndege ikianguka unarudishwa kwenye daraja la mwisho bila mchezo kukumbuka ramani yoyote. Inatosha kutunza zile baiti 2 zilivyokuwa pale darajani. Mimi hapa ndipo ninapomvulia kofia.

Hata sura ya mto imetokana na mashine. Chipu ya picha ilishika biti 20 tu za mandhari, yaani nusu ya upana wa skrini, na nusu ya pili ilirudia ya kwanza au kuigeuza kama kwenye kioo cha kujitazamia. Shaw hakupigana nayo. Akachagua mto ambao kingo zake mbili zinafanana. Asiyejua atadhani ni mapambo.

Ujerumani Magharibi iliitia gemu hiyo mwaka 1984 kwenye orodha ya vitu hatari kwa vijana, kwa sababu ya vita vyake. Ilitolewa humo 2002, wakati vijana wale walishakuwa na watoto wao.

Baada ya River Raid, Shaw alitengeneza Happy Trails kwa ajili ya Intellivision, mashine nyingine ya gemu, akaihamishia River Raid kwenye mashine ya Atari 5200, na 1984, soko la gemu Marekani likiwa limeporomoka, akarudi Tandem. Alistaafu 1990, akiwa na miaka 35 hivi, na amesema mafanikio ya River Raid yalichangia sana kumwezesha. Tuzo ya Industry Icon, ya kuwaenzi walioijenga tasnia ya gemu, ilimfikia 2017. Mwaka huohuo jumba la makumbusho la The Strong, Rochester, New York, lilipokea vitu vyake vya kazi, ikiwemo misimbo ya programu zake iliyochapwa kwenye karatasi.