Ile sifuri ya 4:2:0 haina maana kwamba rangi imekosekana

Vijana wanaoniletea futeji hapa Sinza wana swali moja wanalolipenda: "Bro, kamera yangu ni 4:2:0, kwa hiyo kuna rangi moja haishiki?" Hapana. Namba hizo zinaonyesha tu video inahifadhi taarifa za rangi kwa kiasi gani. Ingekuwa hivyo, mabibi harusi wote wa Dar wangetoka na sura za ajabu, maana karibu kila kitu unachokiangalia, kuanzia YouTube na DVD mpaka king'amuzi cha sebuleni, ni 4:2:0.

Shida ni kwamba watu huipa kila namba rangi yake. Hazisomwi hivyo. Video nyingi huhifadhiwa katika tabaka tatu: moja ya mwangaza, ambayo peke yake ni picha ya nyeusi na nyeupe, na mbili za rangi, moja ikibeba tofauti kati ya bluu na mwangaza, nyingine tofauti kati ya nyekundu na mwangaza. Macho yetu ni makali kwenye mwangaza, kwenye rangi si sana. Kwa hiyo mwangaza huachwa kamili, rangi ndiyo inayopunguzwa.

Sasa chukua kipande cha picha chenye upana wa pikseli nne na mistari miwili. Namba ya kwanza ndiyo huo upana. Ya pili inakwambia mstari wa juu una sampuli ngapi za rangi. Ya tatu inakwambia mstari wa chini umeongeza sampuli ngapi mpya. Basi 4:4:4 ni kila pikseli na rangi yake. 4:2:2 ni pikseli mbili zilizo bega kwa bega kutumia rangi moja. Kwenye 4:2:0 mstari wa chini hauna sampuli zake, unashirikiana na wa juu, hivyo pikseli nne zinagawana rangi moja. Kwa video ya 1920 kwa 1080, kila tabaka la rangi linabaki 960 kwa 540. Yote mawili yapo, ni madogo tu. Kwa biti 8 kwa kila sampuli, unatoka biti 24 kwa pikseli hadi 12 kabla kodeki, yaani programu inayobana video, haijaanza hata kazi.

Ukitaka kuona hasara, andika jina kwa herufi nyembamba nyekundu juu ya nyeusi, eksporti, kisha vuta karibu. Kingo zimechuja kama wino kwenye karatasi mbichi. Herufi nyeupe hapohapo zimekaa safi. Sababu ni hii: nyeupe haina rangi ya kupoteza, mwangaza unaibeba yote. Katika kipimo cha Rec. 709, ndicho cha video za HD, nyekundu huchangia takriban asilimia 21 tu ya mwangaza, kijani 72, bluu 7. Njano, ambayo ni nyekundu na kijani pamoja, inafika 93, ndiyo maana inasomeka vizuri. Watu wa Yanga watafurahi. Wa Simba, nenepesheni fonti.

Pazia la kijani, lile unaloshutia mbele yake ili uweke mandhari nyingine baadaye, ndipo panapouma kweli. Programu inatafuta mpaka kati ya mtu na pazia kwa kufuata rangi, na rangi yenyewe ina nusu tu ya idadi ya pikseli kwa upana na nusu kwa urefu. Nywele za msanii zinatoka na ngazi ngazi. Kazi kama hiyo shuti kwa 4:2:2, hata ukiazima kamera. Kuigeuza futeji ya 4:2:0 kuwa ProRes 422 (aina ya faili ya kuhariria yenye 4:2:2) baadaye kunanenepesha faili tu. Rangi ambayo haikurekodiwa hairudi. Na msichanganye jambo hili na biti 10, ambayo ni habari ya ngazi za rangi, si idadi ya sampuli.

Mwenye kamera ya 4:2:0 pekee ana njia moja halali: shuti 4K, toa kazi kwa 1080. Tabaka za rangi za 3840 kwa 2160 zina 1920 kwa 1080 kila moja, kwa hiyo ukishusha mwangaza peke yake hadi hapo, kila pikseli inapata sampuli yake ya rangi. Ila shusha kabla ya kukata kijani, na timeline isiwe ya 4:2:0.