Ankara ya maji: tarehe ya hundi si tarehe ya malipo

Wenye nyumba za kupangisha na kamati za maghorofa ndio wanaoongoza kwa kung'ang'ania hundi, na malalamiko yao ni yaleyale: hundi iliandikwa mapema, maji yamekatwa kwa nini? Deni halipungui kwa sababu umeandika hundi. Linapungua fedha inapoingia. Kabla ya hapo benki inakagua saini, inalinganisha kiasi cha tarakimu na cha maneno, inaangalia salio. Kimoja kikikosewa hundi inarudi, deni linabaki, na notisi ya kukatiwa huduma inaendelea kuhesabu siku.

Tangu 2017, malipo ya taasisi za umma Tanzania yanapita katika GePG, mfumo wa serikali wa kupokea malipo kwa njia ya kielektroniki. Ankara inakuja na namba ya malipo, ile wengi wanayoiita kontroo namba: tarakimu 12, zinaanza na 99. Tafadhali, hiyo si namba ya mita, wala si namba ya akaunti ya mteja. Ukiingiza namba ya mita malipo yatakataa, na kosa halitakuwa la mtandao.

Kwa M-Pesa piga *150*00#, nenda kwenye kulipa bili, chagua malipo ya serikali, andika namba ya malipo, kisha kiasi. Mitandao mingine na programu za benki hazitofautiani sana. Ukifika kwenye namba ya siri, simama. Linganisha tarakimu zote 12 na zilizo kwenye ankara, na usome kila kinachoonekana kwenye skrini. Nyumba zenye mita kadhaa hurushiana meseji za ankara, na mpangaji anajikuta amemlipia jirani. Kurekebisha kosa hilo si jambo la kupiga simu tu, kwa kuwa fedha imeshaingia kwenye hesabu za taasisi. Andika barua yenye namba za akaunti zote mbili, ambatisha nakala ya risiti, na jirani naye akiri kwa maandishi. Wakati barua inashughulikiwa, ankara yako bado inadaiwa. Ukikatiwa, ada ya kurudisha huduma itaongezwa juu ya deni.

Malipo yakikamilika tarajia meseji mbili: ya mtandao au benki kwamba fedha imetoka, na ya risiti kwamba imepokelewa. Ya pili ikichelewa usilipe tena. Chukua namba ya muamala iliyo kwenye meseji ya kwanza, ulizia kwa waliokata fedha, kisha kwa mamlaka ya maji.

Mtumishi wa mamlaka hapokei fedha mkononi wala kwenye namba yake ya simu, hata akija na kitambulisho na koleo la kukatia. Mwombe namba ya malipo, ulipe mbele yake, umwonyeshe risiti. Meseji hiyo usiifute mpaka ankara inayofuata ionyeshe kwamba deni limeondoka.