Gemu Yako Haijaisha? Waonyeshe Mashabiki, Ila Jua Unachomiliki

Vijana wanaotengeneza gemu wenyewe, bila kampuni nyuma yao, hufika kwenye dawati letu la hakimiliki na hofu ile ile: nikiwaonyesha mashabiki michoro na kionjo cha muziki kabla gemu haijatoka, si nitaibiwa? Onyesha. Hatari kubwa zaidi iko kwingine, na nitaifikia.

Kwanza, kilicho chako. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya ina yake ya 2001. Kote kuwili programu ya kompyuta inalindwa kama kazi ya maandishi. Michoro ya wahusika na muziki navyo vina ulinzi wake. Ukishaandika, kuchora au kurekodi, haki ipo. Kusajili COSOTA au KECOBO, ofisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya, kunakusaidia siku ya mabishano, lakini sicho kinachokupa haki. Na kwa kuwa Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993 na Tanzania 1994, haki hiyo inatambuliwa pia ng'ambo, katika nchi wanachama.

Kisicholindwa ni wazo, yaani namna gemu inavyochezwa. Hapa wengi hukunja uso. Watengeneza gemu Asher Vollmer na Greg Wohlwend walihangaika miezi 14 hivi na Threes!, gemu ya kuunganisha namba, ikaanza kuuzwa Februari 2014. Mwezi uliofuata kijana wa Italia, Gabriele Cirulli, akatoa 2048, inayochezwa kwa namna inayokaribiana nayo, bure, aliyoitengeneza wikiendi moja. Dunia ikaivamia 2048, na wapo wengi wanaoicheza bila kujua kwamba Threes! ilitangulia. Ila tazama: gemu ilikuwa tayari sokoni ilipoigwa, kwa hiyo kuficha michoro kusingewafaa kitu. Kilichowafaa ni kuweka hadharani barua pepe walizoandikiana wakati wa kazi, pamoja na majaribio yaliyokwama. 2048 haikuzuilika, lakini swali la nani alianza lilipata jibu lenye tarehe.

Ndiyo maana napenda mtu aonyeshe kazi mapema. Kila kionjo unachorusha kinaacha tarehe. Tunza na mafaili ya awali, hata yale mabaya yanayokuaibisha.

Sasa ile hatari. Ni rafiki aliyekutengenezea biti kwa ahadi ya "ikiuza tutaonana". Gemu ikibaki kwenye simu yako, hakuna neno. Ikipata mashabiki na pesa ikaanza kuingia, biti ni ya nani? Sheria huanza kwa kumtazama aliyeitunga, na nchini Kenya kuhamisha hakimiliki au kutoa leseni ya kipekee (ruhusa ya kuitumia inayopewa mtu mmoja tu) sharti kuwe kwa maandishi. Nusu ukurasa unatosha: majina, kazi yenyewe, itatumika wapi, malipo, sahihi. Andikeni mkiwa bado mnacheka pamoja.

Jina la gemu ni suala jingine, maana hilo hulindwa kama alama ya biashara. Dong Nguyen wa Vietnam aliiondoa gemu yake, Flappy Bird, sokoni mwaka 2014. Mwaka 2024 watu wengine, wakiwa wamejipatia alama ya biashara ya jina hilo Marekani, walitangaza kuirudisha. Yeye akasema hadharani kwamba hahusiki na hakuuza chochote. Kwetu jina husajiliwa BRELA kwa Tanzania Bara, KIPI kwa Kenya, na Zanzibar ina wakala wake, BPRA. Usajili wa Dar es Salaam haukufikishi Unguja, jambo ambalo hata mawakili wengine husahau.

Mwisho, mashabiki nao huchora. Mhusika ni wako, kwa hiyo anayetaka kuuza fulana zenye sura yake anahitaji ruhusa yako. Lakini mchoro alioutia mkono wake una ubunifu wake pia, nawe huna ruhusa ya kuuchukua tu na kuuingiza kwenye gemu kwa sababu kakutumia kwa mapenzi. Mwombe kwa maandishi, mtaje jina. Na pale unapoweka vionjo, weka mistari mitatu inayosema wazi mashabiki wanaruhusiwa kufanya nini: kuchora, kurekodi wakicheza, kuuza au kutouza.