Taa imewaka kwenye dashibodi, usikimbilie kununua sensa

Simu ninayopigiwa sana ni hii: "Fundi, taa ya injini imewaka, ninunue sensa gani?" Na jibu langu siku zote ni usinunue kitu kwanza, kwa sababu taa haijakwambia sensa, yaani kile kifaa kidogo cha kupima, imekufa. Imekwambia kompyuta ya lori imepokea taarifa ambayo haikuipenda, basi. Sasa nani kaileta hiyo taarifa, ni injini yenyewe inaumwa, ni sensa inadanganya, ni waya umekatika au ni asi (waya wa kurudisha umeme kwenye chesisi) imeshika kutu, hapo ndo penye kazi yetu sisi mafundi umeme.

Rangi napita haraka maana wengi mnazijua. Nyekundu tafuta mahali salama usimame. Njano unaweza kusogea nayo ila usiizoee. Kijani na bluu sio ugonjwa, ni kukuonyesha tu kwamba kitu fulani umekiwasha.

Ila kuna nyekundu mbili ambazo mimi sibishani nazo kabisa, oili na upepo.

Ya oili ina kovu lake. Miaka yangu ya mwanzo dereva alinipigia yuko njiani, taa ya oili inawaka injini ikiunguruma bila kukanyaga, akikanyaga inazima, nikamwambia kwa kujiamini kabisa hiyo ni sensa hiyo, zinasumbua sana, we tembea tu. Haikuwa sensa. Beringi za krenki zilikuwa zimelika, presha inatorokea kule, na lori lilivyofika injini inagonga kama mtu anaponda kokoto. Nililala vibaya siku hiyo. Tangu hapo utaratibu wangu ni zima, vuta kijiti uangalie kiwango, kama oili ipo fungua sensa, funga geji ya kupimia palepale ilipotoka, washa kidogo, soma. Geji ikikuonyesha presha nzuri ndo una ruhusa ya kuisema vibaya sensa.

Ya upepo ndo usijaribu kabisa kujifanya hujaiona. Breki za malori makubwa zinaendeshwa na upepo, mfumo ukiwa mzima unakaa kwenye bar 7 mpaka 12 hivi kutegemea lori, na ukishuka kwenye bar 4 au 5 taa inawaka na king'ora kinalia. Ukiendelea kutembea ukashuka zaidi, springi za breki ya maegesho zinabana zenyewe bila kukuuliza, sasa fikiria ikutokee umebeba mzigo uko kwenye mteremko. Zima injini, sikiliza upepo unapolia, mara nyingi ni hosi ya kwenda kwenye tela.

Haya, tuje kwenye namba, hapa ndo pazuri.

Malori mengi ya kisasa ukichomeka mashine ya kusoma hitilafu unapata namba mbili, SPN na FMI. SPN inakwambia ni sehemu gani, mfano 100 ni presha ya oili, 110 ni joto la maji ya kupoozea injini. Watu wakiona 110 wanaishia hapo, wanaenda dukani. Subiri bana, soma na FMI, maana hiyo ndo inakwambia sehemu hiyo ina shida ya namna gani. FMI 0 maana yake kipimo kinaeleweka vizuri ila kimezidi sana, yaani maji yamechemka kweli. FMI 1 ni kipimo kinaeleweka ila kiko chini mno, kwahiyo 100 na 1 ni oili haina presha, usitafute waya hapo. Ila ukikuta 3, 4 au 5 hiyo ni habari ya umeme. 3 volti zimepanda kupita kawaida, 4 zimeshuka kupita kawaida, 5 mkondo umepungua au njia imekatika.

Na hapa kuna kipimo cha bure nakipenda sana. Una 110 na FMI 4, chomoa plagi ya sensa ya joto halafu soma tena. Ikibadilika kuwa 3, waya ni mzima na kompyuta inaona vizuri, sensa ndo imeshoti ndani. Ikibaki 4 wakati sensa hata haijachomekwa, si sensa hiyo, waya umechubuka mahali unagusa chesisi. Dakika mbili, na hujanunua kitu.

Ndo maana inaniuma mtu anapoletewa lori kazi ya kwanza anafuta namba zote afu ananiita mimi. Umefuta ushahidi ndugu yangu! Soma, piga picha, afu ndo ufute.

Taa zikiwaka nyingi kwa mpigo, ABS (ile inayozuia magurudumu yasigande ukifunga breki), gia, injini, zote, usidhani vyote vimekufa siku moja. Anza na betri. Kwenye lori la volti 24 altaneta ikichaji unatakiwa uone kama 28 hivi, kaza vichwa vya betri, safisha asi ya chesisi. Na tafadhali acheni kuchukua volti 12 ya redio kwenye betri moja kati ya zile mbili, moja inachoka nyingine inachajiwa kupita kiasi, zote zinakufa mapema.

Betri zikiwa sawa nenda kwenye CAN, zile nyaya mbili zilizosokotana ambazo kompyuta zote zinaongea kupitia humo. Zima kila kitu, chomoa betri, pima kati ya hizo mbili. Omu 60 ni salama, 120 rezista ya mwisho ya upande mmoja imepotea, karibu na sifuri zimegusana. Niliwahi kuletewa lori la taa tano, mwenyewe alishauziwa kompyuta ya ABS na taa ziko vilevile. Nikapima, 120. Nikafuata waya mpaka pale kebini inapokunjikia ikiinuliwa, kumbe kila wakiinua waya unapinda palepale mpaka umekatikia ndani ya ngozi yake, kwa nje huoni kitu. Niliunga, nikafunga vizuri, taa zote kimya. Ile kompyuta mpya duka lilikataa kuirudisha.

ABS ikiwaka peke yake mimi naanzia kwenye gurudumu. Beringi ya habu ikilegea, ringi ya meno, ile inayosomwa na sensa gurudumu likizunguka, inaisukuma sensa nyuma, nafasi inakuwa kubwa, mawimbi yanakosa nguvu. Kaza beringi kwanza, irudishe sensa kwa mkono mpaka iguse ringi, usiigonge nyundo, halafu tembea kidogo uone kama taa itazima.